Milango ya moyo na mapigo yasiyo sawa: namna ya kujua tatizo lako ni dogo au kubwa

Tangu nistaafu uuguzi, baraza langu hapa Kihonda, Morogoro, limekuwa kama tawi la kliniki ya moyo niliyokuwa nafanya kazi. Watu wanakuja na bahasha ya kaki, ndani mna karatasi ya eko, ile picha ya moyo ya ultrasaundi, ambayo hakuna aliyewafafanulia, na swali ni lile lile: "Shikamoo Sista. Wanasema mlango wa moyo unavuja. Hii ni ya kufa?"

Marahaba. Sikujibu kwa kusoma jina la ugonjwa. Nimewaona watu wenye mlango unaovuja wakilima mpunga mpaka wakapata wajukuu, na nimewaona wengine, ugonjwa jina hilo hilo, wakishindwa kuoga wenyewe. Mimi naangalia mambo matatu halafu nayaweka pamoja: mapigo yanakwendaje, mlango upi umeharibika na umefikia wapi, na mwili unashindwa nini leo ambacho mwaka jana uliweza. Yote matatu unaweza kuanza kuyaangalia mwenyewe nyumbani. Hayachukui nafasi ya daktari. Yatakufanya uingie kwake ukiwa na la kumwambia zaidi ya "daktari, moyo unanisumbua".

Anza na mkono, karatasi baadaye

Kaa utulie kama dakika tano, usiwe umetoka kupanda mlima wala kunywa kahawa. Geuza kiganja kiangalie juu. Chukua vidole vitatu vya mkono wa pili, uviweke kwenye kifundo upande wa dole gumba, ndani kidogo ya mfupa. Usipime kwa dole gumba. Lina mapigo yake na litakudanganya. Ukishayapata, hesabu dakika nzima kwa saa yenye mshale wa sekunde. Najua hata sisi wauguzi foleni ikiwa ndefu tunahesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa nne. Kwa moyo unaokwenda sawa haina neno, lakini kwa moyo wenye mashaka usikubali njia ya mkato.

Mtu mzima aliyetulia huwa kati ya 60 na 100 kwa dakika. Wanaofanya mazoezi sana wanaweza kuwa chini ya 60 na wasiwe na tatizo lolote.

Idadi ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni mpangilio, na hapo ndipo wengi hupotea kwa sababu hawajui wasikilize nini. Mimi huwaambia hivi: ukiwa umeshika mapigo kwa mkono mmoja, gonga meza kwa mkono mwingine kila unapoyahisi, na mtu wa pembeni asikilize. Sikio lake litasikia kile ambacho vidole vyako vinabishana nacho. Kuna milio mitatu utakayoisikia.

Wa kwanza unakwenda sawa, kisha pigo moja linakuja mapema, kimya kidogo, halafu pigo kubwa la kishindo, safari inaendelea. Hili ndilo watu wanalosema "moyo umeruka". Kwa mtu asiye na ugonjwa wa moyo, mara nyingi halina madhara. Hutokea kwa kukosa usingizi, chai na kahawa nyingi, vinywaji vya kuongeza nguvu (vijana wa bodaboda mnanielewa), pombe, upungufu wa damu, tezi ya shingo iliyozidi kazi, wasiwasi. Tafuta chanzo kwanza. Ila kama umeshaambiwa moyo umetanuka au una mlango mbovu, liripoti hata kama ni pigo moja moja.

Wa pili ni mbio za ghafla. Mtu amekaa anachambua mchele, moyo unaanza kukimbia 150, 180, hata 200, kwa mpangilio ulionyooka, kisha unakata ghafla kama ulivyoanza. Nyingi za mbio hizi kwa vijana ni kosa la nyaya za umeme wa moyo, na milango huwa mizima. Kuna ujanja uliothibitishwa na utafiti wa Uingereza mwaka 2015: ukae nusu umelala, upulize ndani ya bomba la sindano la mililita 10 lisilo na sindano kwa nguvu ya kutosha kusogeza kile kijiti cha ndani, sekunde 15 bila kuachia, ukimaliza tu ulazwe chali na mtu akuinulie miguu juu kwa sekunde 15 nyingine. Zaidi ya wagonjwa 40 kati ya 100 mbio zilikata, wakati kwa kupuliza peke yake bila kuinuliwa miguu walikuwa 17 tu. Usijaribu kama umeshaambiwa mlango wa aota (ule wa damu kutoka moyoni kwenda mwilini) umebana, na usikae nyumbani ukijaribu kama una kizunguzungu kizito, maumivu ya kifua au pumzi imekata. Hata zikikata, nenda upigwe ECG, kipimo cha umeme wa moyo, na ukiweza nenda mbio zikiwa bado zinaendelea, maana karatasi iliyopigwa wakati huo ndiyo inayomwonyesha daktari kosa liko wapi.

Wa tatu ni fujo. Pigo kubwa, dogo, mawili ya haraka, kimya, dogo, kubwa, na ukigonga meza hakuna atakayeweza kukufuatisha. Huo ndio mlio unaonifanya nivute kiti karibu. Kliniki tulikuwa tunapima hivi: muuguzi mmoja anaweka kipimo cha masikio juu ya moyo, mwingine anashika mkono, wanaanza kuhesabu kwa saa moja na kuacha pamoja. Kwa moyo mzima wote wawili wanataja namba moja. Kwa moyo wa fujo, wa kifuani anaweza kusema 124 na wa mkononi akasema 92. Yale 32 yamepigwa, lakini damu iliyosukumwa ni kidogo mno kufika mkononi. Ndiyo maana mtu anakuambia "mapigo yangu 90, niko sawa" huku anahema kwa kutembea toka kitandani mpaka mlangoni.

Kwenye karatasi fujo hiyo wataiandika AF. Vyumba viwili vya juu vya moyo havisukumi tena, vinatetemeka tu. Damu inatuama kwenye kijimfuko cha chumba cha juu kushoto, inaganda, na siku bonge likichomoka linaweza kwenda moja kwa moja kwenye ubongo. Kiharusi. Ukiwa na mashine ya presha ya dukani, nyingi zina alama ya moyo inayowaka na kuzima mapigo yasipokuwa sawa; usiipuuze. Na kwa mtu mwenye AF pima presha mara tatu mfululizo uchukue wastani, kipimo kimoja hakiaminiki.

Kuna na upole uliozidi. Mapigo 40 au chini pamoja na kizunguzungu au kuzimia yanataka hospitali siku hiyo hiyo. Huenda umeme haushuki kutoka juu kwenda chini na utahitaji betri ya moyo.

Sasa fungua bahasha

Moyo una milango minne. Inayosumbua zaidi ni miwili ya kushoto: mitrali, ulio kati ya chumba cha juu na cha chini, na aota, pale damu inapotoka kwenda mwilini. Mlango huharibika kwa namna mbili, ama haufunguki vizuri, yaani umebana, ama haufungi vizuri, yaani unavuja. Karatasini tafuta herufi mbili mbili. M ni mitrali, A ni aota, T ni trikaspidi, mwenzake mitrali upande wa kulia. Herufi ya pili ikiwa S umebana, ikiwa R unavuja. Kwa hiyo MS ni mitrali iliyobana, AR ni aota inayovuja. Mbele yake litakuwapo neno la kiwango: kidogo, wastani au kali. Mwombe daktari au muuguzi akuonyeshe neno hilo kwa kidole, uliandike kwenye daftari lako kwa Kiswahili.

TR au MR ya kiwango kidogo kabisa, moyo haujatanuka, mapigo sawa: nenda kalale. Watu wengi wazima wenye afya wakipigwa eko wanaonekana na uvujaji wa namna hiyo. Nimeona mtu ameuza shamba kwa ajili ya TR kidogo.

MS ni hadithi nyingine. Mlango wa mitrali uliokamilika una uwazi wa sentimita za mraba 4 hadi 6. Ukishuka hadi 1.5 au chini ya hapo, umebana vikali. Ukifika 1 wagonjwa wengi huwa hawalali tena chali. Hapa kwetu sababu yake karibu kila mara ni homa ya rumatiki: mtoto wa miaka 5 hadi 15 anaumwa koo, hatibiwi au anamaliza nusu ya dozi, wiki chache baadaye viungo vinavimba na maumivu yanahama, leo goti, kesho kiwiko. Yanapita. Kinga ya mwili iliyoamka kupigana na wale bakteria wa koo imeshagusa milango ya moyo, na kovu linakaza kidogo kidogo kwa miaka. Mtu anagundulika ana miaka 25, mara nyingi ni mwanamke, mara nyingi akiwa mjamzito.

AS, aota iliyobana, kwa wazee huletwa na chokaa inayojijenga kwenye mlango. Uwazi wa 1 au chini, au kasi ya damu ya mita 4 kwa sekunde na zaidi, ni kali. Huyu anaweza kukaa miaka mingi bila kuhisi kitu. Lakini akianza kuzimia akiwa kazini, au kifua kumbana akipanda mlima, au pumzi kumkatika, saa imeanza kuhesabu. Bila mlango mpya wengi hawamalizi miaka mitano, na waliofikia kuvimba na kukosa pumzi ni pungufu ya hapo. Babu wa aina hii msimwambie "ni uzee".

Milango inayovuja ni mivumilivu zaidi, na uvumilivu huo ndio hatari yake. Moyo unatanuka taratibu kubeba mzigo. Kwa hiyo usiangalie uvujaji peke yake, tazama EF, asilimia ya damu inayosukumwa kila pigo. Kawaida ni kuanzia 50 na kitu. Kwa MR kali, ikishuka kufikia 60 madaktari tayari wanaanza kuzungumza upasuaji, maana sehemu ya damu hiyo inarudi nyuma na namba inaonekana nzuri kuliko hali yenyewe. Linganisha karatasi ya mwaka huu na ya mwaka jana. Usitupe karatasi za zamani.

Mwili nao una karatasi yake. Ulikuwa unalala na mto mmoja, sasa ni mingapi? Unashtuka usiku ukakaa dirishani kutafuta hewa? Soksi zinaacha alama jioni? Ndoo ya lita 20 uliibeba toka bombani bila kuituliza, sasa unaituliza mara ngapi? Hayo yaandike. Daktari akisikia "mito mitatu tangu Ramadhani" ameelewa zaidi ya "nachoka choka".

Viwili vikikutana

Mapigo ya fujo kwa mtu mwenye presha tu daktari anapima kwanza: umri, sukari, kama alishawahi kupata kiharusi, ndipo aamue dawa ya kuzuia damu kuganda. Mapigo ya fujo kwa mtu mwenye MS ya wastani au kali hayana mjadala. Hata awe na miaka 22, hata ajisikie mzima, anahitaji dawa hiyo ya kuzuia kuganda, nayo ni warfarini. Na ni warfarini hasa. Zipo dawa mpya zisizohitaji kupima damu kila mara, wengi wanaziulizia, na kwa AF nyingine ni nzuri. Lakini utafiti mkubwa wa mwaka 2022, wagonjwa zaidi ya 4,500 wa moyo wa rumatiki katika Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini, uliwalinganisha wa warfarini na wa rivaroksabani, moja ya hizo mpya. Wa warfarini walikufa wachache zaidi, na kutokwa damu hakukuzidi. Kwa mwenye mlango wa chuma, yaani aliyebadilishiwa mlango akawekewa wa bandia wa chuma, dawa hizo mpya hazitumiki kabisa. Ndugu akikuletea boksi kutoka Dubai, mshukuru, halafu liache.

Kuishi na warfarini

Hii ndiyo sehemu inayowaumiza watu kuliko ugonjwa wenyewe, kwa hiyo nakaa hapa.

Kipimo chake kinaitwa INR, kinaonyesha damu inachelewa kuganda kiasi gani. Asiyetumia dawa ana 1. Mwenye AF na MS anatakiwa awe kati ya 2 na 3. Mwenye mlango wa chuma wa mitrali, 2.5 hadi 3.5. Chini ya hapo damu inaganda, juu sana inavuja. Andika lengo lako juu ya daftari kwa kalamu nyekundu, maana siku moja utapimwa na mtu asiyekujua.

Kunywa usiku, saa mbili kwa mfano, kila siku saa hiyo hiyo. Sababu ni ya kikliniki: damu inapimwa asubuhi, majibu mchana, na dozi ya usiku huo huo inaweza kubadilishwa. Ukisahau na siku haijaisha, kunywa. Siku ikiisha, acha, usidabo kesho, andika tu kwenye daftari. Usiamini rangi ya kidonge, hubadilika kwa kiwanda; soma namba ya miligramu. Na dozi ikibadilishwa leo, usitegemee INR kubadilika kesho, inachukua siku kadhaa.

Mboga. Wagonjwa huambiwa waache mchicha, wakaishi kwa maharage na huzuni. Hapana. Mchicha, matembele, kisamvu, majani ya maboga vina vitamini K inayopingana na dawa, ni kweli, lakini kinachoharibu ni kuyumba: wiki nzima hugusi mboga, kisha unakwenda kwa mama kijijini unakula kisamvu asubuhi na jioni. Kula kiasi kile kile kila wiki, dozi itapangwa juu ya hicho.

Dawa za dukani ndizo ninazoziogopa. Fulajili, septrini na flukonazoli hupandisha INR sana. Diklofenaki, brufeni na aspirini huchubua tumbo na kuongeza kutokwa damu. Kwa maumivu tumia parasetamoli, kwa kipimo chake. Rifampisini ya kifua kikuu hushusha INR mpaka dozi inabidi ipandishwe mno, na TB ikiisha isiposhushwa tena ni balaa. Mitishamba hakuna anayejua inagusanaje na dawa hii. Ukiingia duka la dawa lolote, sentensi ya kwanza baada ya salamu iwe: "Natumia warfarini."

Choo cheusi kama lami, mkojo mwekundu, fizi au pua isiyokata damu, hedhi isiyo ya kawaida: hospitali. Ukianguka ukagonga kichwa, hospitali hata kama unacheka.

Sindano ya kila mwezi

Mwenye moyo wa rumatiki hupewa penisilini ya benzathini kila wiki 3 hadi 4. Mtu mzima yuniti milioni 1.2. Haizibi mlango. Inazuia koo jingine lisije likaongeza kovu juu ya kovu. Wengine huchomwa hadi umri wa miaka 21, wenye ugonjwa mzito hadi 40 au zaidi. Inauma, sikudanganyi. Nilikuwa naipasha chupa viganjani mpaka ubaridi wa friji utoke, nachanganya na dawa ya ganzi pale daktari alipoandika, nasukuma polepole sana huku tunaongelea mambo ya Simba na Yanga. Mwombe muuguzi wako afanye hivyo, ni haki yako. Na kama mlango wako umebana vikali au moyo umeshachoka, muulize daktari kama vidonge vya kila siku si salama zaidi kwako. Tangu 2022 wataalamu wa Marekani wamekuwa wakishauri hivyo kwa wagonjwa wazito.

Upasuaji na uzazi, kwa kifupi

MS iliyobana, mlango ukiwa bado laini, chumba cha juu hakina bonge la damu na hauvuji sana, hupanuliwa kwa puto kupitia tundu dogo la paja, bila kupasua kifua. Ikishindikana, hurekebishwa au kubadilishwa. Mlango wa chuma unadumu miaka mingi ila warfarini ni ya maisha. Mlango wa tishu za mnyama hauhitaji warfarini ya maisha kama mapigo ni sawa, lakini huchakaa, na kwa vijana huchakaa haraka. Zamani ilikuwa lazima India. Sasa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, pale Muhimbili, iliyoanza kujitegemea 2015, inayafanya haya. Kwa hiyo daka barua ya rufaa mapema, usingoje mpaka ubebwe.

Mwanamke mwenye MS, au anayetumia warfarini: ongea na daktari wa moyo kabla ya kushika mimba. Mimba huongeza damu mwilini karibu nusu, na mlango uliobana hauwezi kuipitisha. Warfarini kati ya wiki ya 6 na ya 12 inaweza kumlemaza mtoto, na kuiacha ghafla kunaweza kuziba mlango wa chuma. Kuna mpango wa kupita katikati, lakini unapangwa kabla. Uzazi wa mpango upo. Vidonge vyenye estrojeni epuka, sindano au kijiti uliza. Na mama mkwe akianza maneno, mlete kliniki siku moja.

Usisubiri asubuhi

Mdomo umekwenda upande, mkono umelegea au maneno yanatoka vibaya hata kama yamerudi sawa baada ya dakika kumi. Kuzimia huku moyo unakimbia. Kukohoa povu lenye rangi ya waridi. Kifua kubana kusikoachia. Homa ya siku kadhaa isiyo na sababu kwa mwenye mlango mbovu au wa kubadilishwa; huyo achukuliwe damu ya kuotesha bakteria maabara kabla ya kupewa antibiotiki yoyote, si malaria kila siku. Na mwenye mlango wa chuma ambaye hausikii tena ule mlio wake wa tik-tik, au ameanza kuusikia umefifia, aondoke usiku huo huo.

Kabla ya kung'olewa jino, mwambie daktari wa meno una mlango gani. Wenye milango ya kubadilishwa hunywa amoksilini gramu 2 kama saa moja kabla, asiyekuwa na mzio.

Ukija kwangu, au ukienda kliniki, beba hivi: karatasi zote za eko toka ya kwanza, karatasi za ECG, daftari la INR, vidonge vyenyewe kwenye pakiti zake (usiniambie "kile cheupe"), na mapigo ya asubuhi ya wiki mbili, kila siku namba na neno moja pembeni: sawa, yanaruka, au fujo. Jumamosi baada ya saa nne nipo.